Zamu za Kesho Zisiuzwe kwa Pupa

KILA mwaka, ifikapo mwishoni mwa mwezi wa Aprili, mamilioni ya watu wa Marekani huketi mbele ya televisheni kutazama mpira usiochezwa. Siku hizo timu 32 za Ligi ya Taifa ya Kandanda ya nchi hiyo, NFL, huchagua vijana watokao vyuo vikuu, timu moja baada ya nyingine, kila moja kwa zamu yake. Na kila mwaka mabishano huwa ni yale yale. Je, timu isiyo na kwotabeki wa kutegemewa yafaa itoe zamu zake nyingi, za mwaka huo na za miaka ijayo, ili ipande hadi mbele ya foleni na kumchukua kijana mmoja inayemtamani?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza jambo hilo latuhusu nini sisi. Latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wako ndugu zetu wengi waliohamia huko, na watoto wao wanakua wakiushabikia mchezo huo kama sisi tunavyoishabikia kandanda yetu. Pili, swali lenyewe lina kiini anachokijua kila mtu aliyewahi kukabidhiwa mali ya wengine: kiongozi ana haki kiasi gani ya kula leo kilichowekwa kwa ajili ya kesho?

Yafaa kwanza tueleze mambo yalivyo. Mchezo huo si kandanda tuliyoizoea. Huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, na timu husonga mbele kidogo kidogo, shambulio baada ya shambulio. Nyuma ya mstari wa washambuliaji husimama mtu mmoja aitwaye kwotabeki, na karibu kila shambulio hupitia mikononi mwake. Ndiye autangazaye mpango kwa wenzake. Ndiye aamuaye, kwa muda wa sekunde mbili au tatu, kama ampe mpira mkimbiaji, amtupie mpokeaji aliye mbali, au akimbie nao mwenyewe, huku majitu yenye kilo zaidi ya mia yakimjia kwa kasi ili kumwangusha. Timu yenye kwotabeki hodari hubaki na matumaini hata ikiwa na kasoro nyingine. Isiyo naye huhesabu miaka.

Utaratibu wa zamu ulianzishwa kwa nia ya haki. Mwaka 1935 Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, alitoa shauri kwamba timu iliyoshika mkia ipewe nafasi ya kuchagua kwanza, na bingwa achague mwisho, ili matajiri wasiendelee kujikusanyia wachezaji bora wote. Uteuzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1936. Lakini mtu aliyechaguliwa wa kwanza kabisa siku hiyo, Jay Berwanger, hakucheza hata mchezo mmoja katika ligi hiyo. Tangu siku ya mwanzo, basi, ilikuwa dhahiri kwamba kuwa wa kwanza katika foleni si sawa na kurudi nyumbani na kikapu kilichojaa.

Pamoja na hayo zamu zikawa bidhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dallas Cowboys, chini ya kocha wao Jimmy Johnson, walitengeneza jedwali la kuzipangia zamu thamani. Zamu ya kwanza ilipewa pointi 3,000, ya pili 2,600, ya kumi 1,300, na ya 32 pointi 590. Jedwali hilo likaenea katika ligi nzima, na kwa miaka mingi likawa mizani ya soko. Tunaliita mizani, lakini msomaji akumbuke kwamba mizani hiyo ilipima bei ambayo watu walikuwa tayari kulipa. Haikupima kile ambacho wangevuna.

Sasa tuwasikilize kwanza wanaosema panda, lipa, mchukue. Hoja zao si za kupuuzwa.

Wanasema kwamba kwotabeki mkubwa hapatikani sokoni, kwa kuwa timu iliyo naye haimwachi. Wanasema pia kwamba tangu mwaka 2011 hesabu ya fedha imebadilika. Kabla ya hapo kijana aliyechaguliwa mwanzo alikuwa mzigo mkubwa: Sam Bradford, aliyechukuliwa wa kwanza na St. Louis Rams mwaka 2010, alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajagusa mpira wa ligi. Mapatano ya 2011 baina ya wenye timu na chama cha wachezaji yaliweka kiwango cha mishahara ya wageni. Ndiyo sababu Bryce Young, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2023, alipata takriban dola milioni 38 kwa miaka minne, ilhali Dak Prescott, mchezaji mzoefu wa Dallas, alitia saini mwaka 2024 mkataba wa dola milioni 60 kwa kila mwaka mmoja. Na kwa kuwa ligi hiyo ina ukomo wa jumla ya mishahara ya kila timu, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2, kijana hodari mwenye mshahara mdogo huiachia timu fedha nyingi za kuwalipa walinzi, wapokeaji na wakimbiaji.

Tena wana mifano. Mwaka 2004 New York Giants walimtoa kijana waliyekuwa wamemchagua wa nne, Philip Rivers, pamoja na zamu nyingine tatu, ili wampate Eli Manning. Manning akawaletea ubingwa mara mbili, Februari 2008 na Februari 2012. Mwaka 2018 Buffalo Bills walipanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 7 wakamchukua Josh Allen, ambaye baadaye alitunukiwa heshima ya mchezaji bora wa ligi kwa msimu wa 2024. Mwaka huo huo wa 2018 Baltimore Ravens walijipenyeza katika nafasi ya 32, ya mwisho katika duru ya kwanza, wakamchukua Lamar Jackson, naye akaipata heshima hiyo kwa msimu wa 2019 na tena wa 2023.

Na mfano mkubwa kuliko yote ni wa Kansas City Chiefs. Mwaka 2017 walikuwa nafasi ya 27. Wakawapa Buffalo zamu hiyo, zamu ya duru ya tatu, na zamu ya duru ya kwanza ya mwaka 2018, wakapanda hadi nafasi ya 10 na kumchagua Patrick Mahomes. Mahomes akatwaa ubingwa mara tatu, Februari 2020, Februari 2023 na Februari 2024. Buffalo, waliouza zamu hiyo, walitolewa na Mahomes katika michezo ya mtoano ya misimu minne tofauti kati ya Januari 2021 na Januari 2025. Nani atathubutu kusema kwamba Kansas City walikosea?

Hakuna. Lakini mwenye busara haangalii aliyeokota lulu tu. Huhesabu pia waliozama.

Mwaka 2012 timu ya Washington ilitaka kupanda hatua nne tu, kutoka nafasi ya 6 hadi ya 2, ili impate Robert Griffin wa Tatu. Bei yake ilikuwa zamu hiyo ya 6, zamu ya duru ya pili ya mwaka ule, na zamu za duru ya kwanza za mwaka 2013 na 2014. Msimu wa kwanza ulikuwa wa furaha: Griffin alitajwa kuwa mgeni bora wa mashambulizi, na timu ikaongoza kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 1999. Kisha, Januari 2013, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Seattle, goti lake likaumia vibaya. Hakurudi tena kuwa yule wa mwanzo, na Machi 2016 timu ilimwachia aende zake. Aliyekuwa kwotabeki wa Seattle siku ile ni Russell Wilson, kijana aliyechaguliwa katika uteuzi ule ule kwa zamu ya 75, bila kelele. Wilson alishinda mchezo huo, na Februari 2014 akatwaa ubingwa.

Hapa tusiwaonee Washington. Hawakukosea kuona kipaji, kipaji kilikuwapo. Kosa lao lilikuwa kuliwekea goti moja rehani ya miaka mitatu. Ajabu zaidi ni kwamba siku zile zile walimchagua pia, katika duru ya nne, Kirk Cousins, na huyo ndiye aliyewaongoza mwaka 2015 hadi kushika tena nafasi ya kwanza katika kundi lao. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba, imenunuliwa kwa senti, na nyumba imekwisha kuwekwa rehani kwa ajili ya dawa nyingine.

Mwaka 2021 San Francisco 49ers walitoa zamu tatu za duru ya kwanza na moja ya duru ya tatu ili wapande kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3. Walimchukua Trey Lance. Lance alianza michezo minne tu kwa timu hiyo, na Agosti 2023 akauzwa Dallas kwa zamu moja ya duru ya nne. Timu haikuanguka, kwa sababu mwaka 2022 ilimchagua Brock Purdy kwa zamu ya 262, ya mwisho kabisa mwaka huo, naye akaifikisha kwenye fainali ya Februari 2024. Lakini fundisho la San Francisco halikuwa kwamba bahati ya mwisho huponya. Purdy aliingia katika timu iliyokwisha kujengwa vizuri kila upande, na ndiyo maana aliweza kusimama. Nyumba imara ilistahimili hasara. Nyumba mbovu isingestahimili.

Ushahidi wa nyumba mbovu ni Carolina Panthers. Mwaka 2023 walitoka nafasi ya 9 wakapanda hadi ya kwanza. Waliwapa Chicago Bears zamu hiyo ya 9, zamu ya 61, zamu ya duru ya kwanza ya 2024, zamu ya duru ya pili ya 2025, na juu yake wakamwongeza D. J. Moore, mpokeaji wao bora. Yaani walimnunua mtupaji kwa kumtoa mtu ambaye angeidaka mipira yake. Young, kijana aliyekuwa na sifa njema chuoni, akatupwa katika timu isiyo na walinzi wa kumkinga wala wapokeaji wa kumsaidia. Walishinda michezo 2 na kushindwa 15. Hawakuwa na kocha yule yule hata kwa msimu mmoja: Frank Reich, aliyeajiriwa Januari, alifukuzwa Novemba. Meneja Scott Fitterer alifuata Januari 2024. Na kwa kuwa timu ilishika mkia wa ligi nzima, ile zamu ya 2024 waliyokuwa wameitoa ikageuka kuwa zamu ya kwanza. Chicago wakaichukua, wakamchagua kwotabeki Caleb Williams. Carolina walilipa zamu ya kwanza kununua zamu ya kwanza, wakaongeza na vitu vingine juu yake. Wakati huo huo Houston Texans, waliokaa kimya katika nafasi yao ya 2, walimpata C. J. Stroud, aliyetajwa mgeni bora wa mashambulizi wa mwaka.

Je, haya ni masuala ya bahati tu, huyu kapata na yule kakosa? Wataalamu wawili wa Marekani, Cade Massey na Richard Thaler, ambaye mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, walilichunguza soko hili kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013. Waliona kwamba ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja uwanjani waliochaguliwa kwa kufuatana, yule wa kwanza huwa bora kuliko yule wa pili mara chache tu zaidi ya nusu. Yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Hata hivyo timu hulipa kana kwamba zina yakini. Ni kweli kwamba hesabu zao nyingi zilihusu miaka ya kabla ya mapatano ya 2011, na kwa hiyo sehemu inayohusu mishahara yafaa isomwe kwa uangalifu. Lakini macho ya binadamu hayakubadilika mwaka 2011. Uwezo wa kutabiri mustakabali wa kijana wa miaka 21 au 22 ungali ule ule.

Chicago wenyewe, walionufaika mwaka 2023, waliwahi kulipa ada ya somo hilo. Mwaka 2017 walitoa zamu tatu za ziada ili wapande hatua moja, kutoka ya 3 hadi ya 2, wakamchukua Mitchell Trubisky, aliyekuwa ameanza michezo 13 tu katika maisha yake yote ya chuo. Mahomes alikuwa bado yupo. Deshaun Watson alikuwa bado yupo. Waliokuwa na yakini walikosea, nao walioona mbali walisubiri hadi nafasi ya 10.

Basi ni nini kilichowatofautisha Kansas City na Carolina, maadamu wote walipanda? Tunaona mambo matatu.

Kwanza ni hali ya nyumba. Kansas City walikuwa wameshinda michezo 12 na kushindwa 4 msimu wa 2016. Walikuwa na kocha imara, Andy Reid, na kwotabeki mzoefu, Alex Smith. Mahomes aliketi akajifunza karibu msimu mzima, akaanza mchezo mmoja tu mwaka 2017. Hawakumwita kijana aje kuizima nyumba iliyoshika moto. Walimwita aje kuirithi nyumba iliyosimama. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kidole cha dhahabu.

Pili ni bei. Walitoa zamu moja ya duru ya kwanza ya mwaka uliofuata, basi. Ghala halikubaki tupu. Kama Mahomes angeshindwa, Kansas City wangesikitika, lakini wangepanda mbegu tena baada ya mwaka mmoja. Washington na San Francisco walikaa miaka miwili mfululizo bila zamu yao ya duru ya kwanza.

Tatu, na hili ndilo zito, ni nia ya mwenye kuamua. Kocha au meneja anayejua kwamba akishindwa mwaka huu atafukuzwa, ana sababu gani ya kuitunza zamu ya mwaka wa tatu? Zamu hiyo itatumiwa na mrithi wake. Matumaini ni yake leo, deni ni la mwingine kesho. Kocha wa Washington, Mike Shanahan, alifukuzwa mwishoni mwa 2013, kabla hata ya malipo ya mwisho ya mwaka 2014 kutimia. Walionunua Carolina waliondoka, na Carolina ikabaki na ankara. Mshabiki aliyekata tiketi, aliyerithi mapenzi ya timu hiyo kwa baba yake na atakayeyarithisha kwa mwanawe, hakuulizwa. Zamu ya kesho si mali ya aliyeketi kitini leo. Ni amana, na amana haiwekwi rehani na mtu asiyekuwa na hakika ya kuwapo siku ya kuikomboa.

Pamoja na hayo, tusiwape wauzaji sifa wasizostahili. Wapo wanaodhani kwamba mwenye kuuza zamu siku zote ndiye mwerevu. Rams, waliopokea shehena yote ya Washington, walifurahia sana biashara hiyo. Desemba 2014, timu hizo mbili zilipokutana, waliwatuma katikati ya uwanja, kama manahodha wa kurusha sarafu, wachezaji waliopatikana kwa zamu zile, na wakashinda 24 kwa 0. Ilikuwa dhihaka tamu. Lakini tangu 2012 hadi 2016 Rams hawakupata hata msimu mmoja wa kushinda zaidi ya kushindwa. Mbegu nyingi mikononi mwa asiyejua kulima ni chakula cha ndege. Na mwaka 2016 Rams hao hao walikuwa upande wa pili wa meza, wakitoa zamu chungu nzima kwa Tennessee ili wapande kutoka nafasi ya 15 hadi ya kwanza kumchukua Jared Goff. Goff aliwafikisha fainali ya Februari 2019, wakashindwa. Ubingwa waliupata Februari 2022, baada ya kumtoa Goff pamoja na zamu nyingine ili wampate mzoefu, Matthew Stafford.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili. Timu ipande pale ambapo imekwisha kujenga ukuta na paa, na mlango tu ndio uliobaki. Ipande kwa bei ambayo, kijana akishindwa au akiumia, mwaka mmoja unatosha kuinuka tena. Na ipande kwa uamuzi wa mwenye timu na wasimamizi watakaokuwapo kulijibia deni, si kwa hofu ya kocha anayehesabu siku zake. Pakikosekana hata moja kati ya hayo matatu, ni afadhali ikae katika nafasi yake, imchague mlinzi mzuri au mpokeaji mzuri, na kutafuta kwotabeki katika duru za chini kila mwaka bila kuchoka. Prescott alipatikana kwa zamu ya 135. Tom Brady, aliyetwaa ubingwa mara saba, alipatikana mwaka 2000 kwa zamu ya 199. Watu kama hao ni wachache, nasi hatudai kwamba subira humzaa Brady. Tunasema tu kwamba subira haikumfilisi mtu akiwa anamtafuta.

Watakaotupinga watasema kwamba woga haushindi ubingwa. Ni kweli. Lakini baina ya woga na pupa kuna njia ya tatu, nayo inaitwa hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zamu ya mwaka kesho ni mali. Aprili nyingine ikifika, na mtu akasimama mbele ya umma akatangaza kwamba amempata mwokozi, mshabiki asikimbilie kupiga makofi. Aulize kwanza maswali mawili: tumetoa nini, na wewe utakuwapo siku ya kulipa?